Sauti Niliyoigawa Mtaani

Jumatatu, 3 Machi

...eeh, nilifika wapi? Nilikuwa namsimulia baba watoto, akasinzia na kikombe cha chai mkononi, kwa hiyo namalizia humu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Mke wangu, mimi natoka lindo, macho yamejaa mchanga. Si una daftari? Lieleze daftari." Haya daftari, kaa vizuri.

Nilifika pale Kimya alipofunika cherehani yake Jumamosi. Hakufanya kwa hasira, na hicho ndicho kilichonimaliza. Alikunja kile kitambaa chake cha maua, akaifunika kama mtu anavyofunika mtoto aliyelala, akachukua mkasi wake, akachukua mwavuli, akatoka. Mvua ya kwanza ya msimu, ile ya kupiga bati mpaka humsikii aliye mbele yako. Nikaita, "Kimya! Ngoja basi ipungue!" Wapi. Hakugeuka.

Sasa nianze mwanzo, maana wewe daftari unajua viuno na mabega ya watu tu. Huku mbele umejaa vipimo vya wateja, mwandiko wa Kimya, umenyooka kama pindo. Mimi naanzia nyuma huku ambako hakuna anayepaangalia.

Mimi na Kimya tunashona chumba kimoja, huu mwaka wa kumi na moja. Mlango mmoja, dirisha moja, cherehani mbili zinatazamana, katikati meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Mimi wananiita Redio, wivu tu. Yeye wanamwita Kimya kwa sababu maneno yanamkwama. Anajua sana kuongea, ila neno likifika mdomoni linasimama, anafumba macho, anangoja, ndipo linatoka. Kwa hiyo anaongea kidogo. Lakini mpe simu uone vidole! Mimi niliishia darasa la nne, nikiandika kwenye simu ni kama navuka mto kwa kurukia mawe. Basi tukagawana, mimi mdomo, yeye vidole. Mtaa mzima unatujua. Mtu amegombana na mkewe, anakuja na simu yake, anasema mama zangu nitungieni ujumbe. Mimi natunga, Kimya anaandika, mtu anaondoka na ujumbe wake pamoja na suruali yake iliyopunguzwa. Mwenye nyumba tulimwandikia kuhusu bati linalovuja mpaka akaja mwenyewe na ngazi.

Sasa binti yake Kimya yuko mbali huko alikoolewa, ana mimba, atajifungua mvua zikiisha. Kimya anamwandikia kila siku. Mwezi uliopita akaniambia, mjukuu hatajua kusoma, nataka nimtumie sauti. Simu yake ilikuwa imeingia maji, inaandika ila haisikii. Akaomba yangu. Basi kila mchana wateja wakienda kula, mimi natoka nje, yeye anajifungia anarekodi. Anasikiliza, anafuta. Anarekodi, anafuta. Mara kumi na saba! Ile ya kumi na saba akasema hii siyo mbaya, lakini usiitume, kesho nitajaribu tena.

Ikabaki kwenye simu yangu. Anasema hivi: "Mjukuu wangu. Mimi ndiye bibi yako. Naongea polepole. Wewe nisubiri tu, nitafika." Kwenye "bibi" alikwama sana, lakini hakukata, alivuka.

Nikaisikiliza nyumbani mara tatu, machozi yakanitoka. Na mimi furaha ikinishika mdomo hauna breki. Nikaituma kwenye grupu la wanawake wa mtaa, watu tisini na kitu, juu yake nikaandika kwa vidole vyangu hivi, "SIKIENI KIMYA ANAVYOONGEA JAMANI". Nikalala kama mtoto.

Asubuhi Dada wa Saluni keshaitia ngoma. Huyu dada saluni yake iko kona ya pili na ana ukurasa wake wa vichekesho, wafuasi kama siafu. Kakata pale kwenye "bibi" tu, kairudiarudia, kaweka ngoma, kaweka mtu anacheza. Kufika saa nane mchana watoto wanapita mlangoni kwetu wanaiimba. Kimya alikuwa na pini mdomoni, anapima kola. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto. Akaniangalia.

Mengine nimeshakwambia. Baba watoto anakoroma, kikombe nimekitoa mkononi.

Jumanne, 4 Machi

Hajaja. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Hajaja. Nimemtumia stika ya mtoto analia. Zikaja zile alama mbili, maana yake imefika, tena zikawa bluu, kaiona. Hajajibu. Nikatuma maua. Nikatuma paka amekumbatia moyo. Nikatuma mikono miwili inayoomba, mara sita. Baba watoto akaniambia, "Unamtumia zoo nzima, kwa nini usimwambie umekosa?" Nikamwambia alale.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilimwendea Dada wa Saluni. Nimeingia na matope yangu, wateja watatu wamekaa na mapovu kichwani, nikasema nitamwambia hapohapo.

"Wewe mtoto! Huna mama wewe?"

Akageuka na chanuo. "Shangazi, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba yako kaa nayo. Umechukua sauti ya mtu mzima umeifanya ngoma!"

"Aa, ile? Shangazi, ile ni kontenti tu. Watu wamecheka, hakuna aliyetukanwa."

"Mwenye sauti kacheka?"

Kaweka chanuo chini. Halafu kasema, tena bila jeuri, "Shangazi, mimi niliikuta kwenye grupu. Nikadhani umeituma tufurahi. Kama ilikuwa ya ndani, nani aliitoa?"

Wale wenye mapovu wote wakanigeukia. Nikwambie kweli daftari, mimi Redio, nilitafuta mlango tu. Nikatoka. Nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka mwavuli nimeuacha kwake, nikaona aibu kurudi, nikaloa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita nyumba kwa nyumba. Kwenye grupu nilishaifuta, lakini watu walikuwa wameihifadhi. Basi nabisha hodi, nasema fungua simu nione ukifuta. Wengine wamefuta wakanipa na kiti. Mmoja kaniambia, "Redio, leo umekuwa askari?" Mwingine anafuta huku anacheka, kaisikiliza mara ya mwisho mbele yangu. Nilitaka kumzaba kibao, nikakumbuka na mimi niliisikiliza mara tatu.

Nyumba thelathini na moja. Viatu vimekufa.

Alhamisi, 13 Machi

Leo wamekuja watu wawili na mkokoteni kuchukua cherehani ya Kimya. Nikawauliza nani kawatuma, wakanionyesha ujumbe. Mwandiko wake huo, nukta na mkato kila kitu mahali pake: atashonea nyumbani, meza yake ya miguu ibebwe kwa uangalifu, ukanda usifunguliwe. Chini kabisa: "Mwambieni Redio uzi mweupe uliobaki ni wake."

Nikawasaidia kubeba. Ningefanyaje? Kwenye sakafu kumebaki alama nne za miguu, safi kuliko sakafu yote.

Jioni nikampitia Fundi Simu kibandani kwake, huyu ndiye anayejua siri za simu zote za hapa kwetu. Akasema Kimya alileta simu itengenezwe ile sehemu ya kusikia, halafu akarudi kuichukua kabla haijafunguliwa. Kasema haina haja tena. Binti ataandikiwa tu, na mtoto akikua atasoma.

Ndiyo hiyo. Nimeichukua sauti ya bibi kwa mjukuu, hata mjukuu hajazaliwa. Leo sisemi zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nimeshona mapindo manne, moja nimelishona na gauni langu mwenyewe.

Jumatano, 19 Machi

Leo nacheka peke yangu kama kichaa, acha nikwambie. Amekuja Dereva wa Lori, anataka kumwandikia bosi wake amwombe ruhusa ya siku mbili. Hajui kwamba vidole vimehama. Nikaona aibu kumwambia. Sasa Fundi Simu alinionyesha kuna alama ya kipaza sauti, ukibonyeza unasema, simu yenyewe inaandika. Nikasema leo ndiyo leo.

Nikabonyeza, nikaanza kwa heshima zote. "Bosi shikamoo, natumaini hujambo na familia, naomba ruhusa ya siku mbili." Hapohapo kuku wa jirani karuka juu ya meza ya kukatia, miguu ina matope, kwenye kitambaa cheupe cha mtu! Mimi ikanitoka yote ya kunitoka. Dereva naye kamfukuza kwa kofia. Kuku katoka, tumetulia, nikabonyeza tuma.

Dakika mbili bosi kajibu: "Nani mshenzi? Nishuke wapi?"

Kumbe simu iliandika yote. "Naomba ruhusa ya siku mbili shuka hapo mshenzi wewe na hayo mamiguu yako nitakuchinja leo." Dereva kakaa chini kwenye sakafu, kashika kichwa. Tulimpigia simu bosi, nikamweleza mwenyewe habari ya kuku mwanzo hadi mwisho, na rangi ya kuku, bosi kacheka mpaka kakohoa, ruhusa kapewa siku tatu.

Lakini jioni nikawaza, Kimya angekuwepo ingekuwa dakika moja. Na angecheka. Kimya akicheka hakwami hata kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi Simu anasema habari ya kuku imeshamfikia Kimya. Nikamuuliza kacheka? Akasema aliona mabega yanatikisika. Nimeshona leo nguo sita.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamua. Nitamwandikia mwenyewe. Stika hapana, kipaza sauti hapana. Kwa vidole hivi hivi vinene.

Jumanne, 25 Machi

Herufi ndogo kama mbegu za nyanya. Nikitaka moja nabonyeza mbili. Nimeandika nusu saa, nimepata "Kimya rafiki". Baba watoto kanipa miwani yake ya lindo, haisaidii, inaonyesha mbali tu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua ya siku tatu bila kupumua. Bati linavuja pale palepale, nimeweka ndoo penye alama za cherehani.

Leo imenitokea kitu nataka nikiandike vizuri.

Naandika ujumbe wangu. Sasa hii simu ina tabia, ukianza neno tu yenyewe inakuletea maneno matatu hapo juu, uchague. Naandika "nili", inaniletea nilikuwa, nilipo, nilisema. Mimi nataka "niliigawa"! Naandika tena, inanisukumia la kwake, tena likaingia lenyewe. Nafuta. Naanza. Inanikatiza tena. Nikaishika ile simu mbele ya uso nikaipigia kelele, "We! Ngoja nimalize mwenyewe! Nani kakwambia nataka kusema hivyo?"

Nikasikia nilichosema.

Daftari, nikakaa. Miaka kumi na moja Kimya akianza neno, mimi namletea mwisho wake. Akisema "nata-", mimi "nataka uzi mweusi?" Akisema "kesho mi-", mimi "kesho mitihani inaanza, ndiyo, sare zinatakiwa." Nilijua namsaidia. Nilijiona mtu mwema kabisa! Na yeye anatikisa kichwa, ndiyo, sawa, hata kama siyo alichotaka, maana kuanza upya ni kazi. Maneno mangapi yamefia hapo mezani? Labda hakuwa anataka uzi mweusi. Labda kuna siku alitaka kuniambia kitu kikubwa mimi nikampa uzi.

Ndiyo maana alinitoa nje akirekodi. Mimi nilidhani anaona haya.

Nimemwomba Fundi Simu aizime hiyo tabia. Imezimwa. Sasa naandika polepole, lakini ninachoandika ni changu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemaliza! Ujumbe mrefu, ukiuvuta na kidole hauishi. Nimempa baba watoto asome. Kasoma, kakuna shingo. "Humu umeandika 'lakini' mara tisa."

"Sasa?"

"Sasa mimi ni mlinzi. Mtu akija getini na lakini tisa simfungulii."

Nimefuta wote. Nimemkasirikia mpaka chakula cha jioni.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo aliyekuja si mwingine ila Dada wa Saluni. Kasimama mlangoni, kashika mwavuli wangu. Nikajua kaja kwa shari, kumbe.

"Shangazi, naweza kukaa?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Bila ile taa yake ya duara ya kurekodia ni kasichana kadogo tu, kana usingizi. Kaniambia ile klipu aliitoa siku ileile nilipoondoka, hakusema tu. Halafu: "Shangazi, mama yangu hatuongei mwaka wa pili sasa. Nataka nimwandikie. Mimi kila siku natengeneza video tatu, nne. Huu nimekaa nao tangu asubuhi, naandika nafuta."

Zamani ningeshamtungia ujumbe kabla hajafunga mwavuli. Leo niliuma ulimi kweli, si mfano, unauma mpaka sasa. Nikamuuliza tu, "Wewe unataka kumwambia nini?"

Kafikiri mpaka pasi imepoa. "Kwamba nilimkumbuka nilipokuwa naumwa."

"Basi si ndiyo hiyo?"

"Hiyo tu?"

"Iandike tuione."

Kaandika hivyo hivyo. Katuma. Akakaa anaitazama simu. Mama yake kapiga papo hapo, ingawa mvua ilikuwa inanyesha nikatoka nje niwaachie chumba. Nimeloa tena kwa ajili ya huyu mtoto, lakini leo sikujali.

Jumanne, 8 Aprili

Nimetuma. Nilikaa mezani kabla ya kufungua dirisha, nikaandika bila kunyanyua kichwa. Naunakili hapa:

"Kimya. Ile sauti ilikuwa ya mjukuu wako. Mimi nikaigawa mtaani. Nimekosa. Na miaka yote hii nakumalizia maneno yako, hapo pia nimekosa. Ukitaka kunijibu sema taratibu. Nitangoja umalize. Redio."

Alama moja. Alama mbili. Bluu.

Halafu juu pale, chini ya jina lake, pakaandikwa: anaandika...

Nikasimama. Anaandika. Ikapotea. Ikarudi, anaandika. Ikapotea. Mteja kaingia nikamwambia baba yangu kaa hapo usiseme kitu. Ikarudi. Ikapotea.

Haikurudi tena.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna. Nilisema nitangoja, nangoja.

Alhamisi, 10 Aprili

Anaandika, saa tano asubuhi. Ikapotea.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imepumzika mchana, jua la dakika kumi. Watu wote wameanika nguo, ikarudi ikazilowesha.

Jumatatu, 14 Aprili

IMEKUJA. Na siyo maandishi. Ni sauti! Dakika sita na nusu. Kumbe alishairudisha simu kwa Fundi Simu, na yule mbeya mwenzangu kwa mara ya kwanza maishani kaficha siri.

Nimefunga mlango, nikarudi nyumbani kuisikiliza na baba watoto. Ikaanza, akaanza kukwama pale mwanzo, baba watoto kasema, "Bonyeza hapo pembeni, inaongezwa kasi."

"Thubutu! Nitakuzaba!"

Tukasikiliza yote, na pale ambapo hakuna kitu tukasikiliza hakuna kitu. Kuna mahali unasikia mvua ya kwake tu, ndefu, halafu neno.

Kasema hivi. Kasema, "Redio, usinikatize." Halafu kacheka. "Huku huwezi kunikatiza." Kasema ndiyo maana alipenda hii ya kurekodi, kwa sababu ni mahali pekee ambapo hakuna mtu anayesimama mbele yake na jibu. Kasema ngoma ya saluni haikumuuma sana, toka shule wamemwigiza, kazoea. Kilichomuuma ni yale maneno yangu ya juu. Sikieni Kimya anavyoongea. "Kama mtoto amepiga hatua ya kwanza. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nimeongea maisha yangu yote. Ni nyinyi mlikuwa hamngoji."

Daftari, hilo sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimeomba msamaha wa mengine, na hilo ndilo lililokuwa kubwa.

Kasema bado amekasirika. Kasema habari ya kuku amemsimulia binti yake. Kasema uzi mweupe anautaka.

Ikaisha. Baba watoto kafuta jicho kwa kona ya shuka. Halafu kasema, "Hii usiitume popote."

Nikamjibu kwa kutuma maneno mawili, nimechagua mwenyewe: "Nimekusikia yote."

Jumanne, 15 Aprili

Nimempelekea uzi. Tumeongea mlangoni, yeye ndani mimi nje. Sikumalizia hata neno moja. Nimetoka jasho kama niliyepanda mlima.

Jumanne, 22 Aprili

Mkokoteni ule ule, watu wale wale. "Mama, nyinyi mmeamua kutufanyisha mazoezi?" Cherehani imerudi kwenye alama zake nne. Kimya kaja nyuma ya mkokoteni na mwavuli, kakagua bati, kasogeza ndoo, kakaa, katunga uzi kwenye sindano. Kaniambia masharti. Yalichukua muda. Moja, simu yake ni yake. Mbili, nikimmalizia neno nashona vifungo vya sare zote za wiki hiyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeshona vifungo mia na arobaini.

Jumanne, 29 Aprili

Vifungo kumi na nane tu! Naendelea vizuri.

Alhamisi, 8 Mei

Mtoto kazaliwa jana, msichana! Binti katuma picha, mtoto kakunja uso kama mwenye nyumba akiombwa kutengeneza bati. Nilitaka kuiweka mtaani papo hapo, nakiri, kidole kilikuwa hewani. Nikamtazama Kimya, nikauliza. Kasema, "Ba-", nikangoja, nikangoja, nikaangalia dari, "bado." Bado. Mimi ningesema basi weka.

Mchana katoa simu yake, hata hakuniambia nitoke. Karekodi pale pale kwenye cherehani, mara moja. Hakuisikiliza. Hakufuta. Katuma. Nikamuuliza hurudii? Kasema kurudia kumemchosha, na mtoto naye hajui kuongea, wataelewana.

Ijumaa, 9 Mei

Binti hajajibu. Kimya kashona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Sijasema kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Binti kajibu asubuhi hii, mtandao wa huko ulikatika. Kimya kasoma, kanipa simu nisome mwenyewe, na nimesoma mwenyewe, kwa sauti, bila kuruka jiwe: "Mama, fupi mno. Nilikuwa namnyonyesha, imeisha kabla sijamgeuza upande wa pili. Tuma nyingine, ndefu, sema chochote."

Unajua Kimya kafanya nini? Kaniangalia kaniambia, "Toka. Unapumua kwa kelele."

Kwa hiyo niko hapa kizingitini, daftari kwenye goti. Mvua leo ni manyunyu tu, mtu anaweza kutembea bila mwavuli akijidai. Mlango umefungwa. Namsikia ndani, simsikii maneno, nasikia tu sauti inakwenda, inasimama, inakwenda. Sasa hivi imesimama. Imesimama kweli. Dereva wa Lori kapita, kanisalimia, nimemwonyesha kidole mdomoni, kashangaa kama aliyeona ng'ombe anaendesha baiskeli. Haya, imekwenda tena. Anacheka ndani humo. Sijui anamsimulia nini, nadhani kuku. Ningekuwa mimi ningeanza na yule kuku rangi yake, maana kichekesho chote ni kwamba alikuwa mweupe akaondoka na

"Redio!"

Ananiita. Kasema niingie, kasema mtoto asikie na sauti yangu. Mimi? Niseme nini mimi? Sijajiandaa, sina hata

"Redio, nime-nimeshabonyeza! Inahesabu!"

Naja, jamani, na